Braketi Iliyopoa kwa Ruhusa ya Mama Mkwe

Vijana wangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mtu aliyeachishwa kuamka alfajiri mnampa saa aifanyie nini, mimi sijui. Mkanipa na daftari, mkasema, "Mzee Hamisi, tuandikie ya kazini yasije yakapotea." Haya. Vyeo sitaviandika kwa sababu havikuwa vingi. Mshahara mnaujua, maana ndio huohuo mnaoulalamikia nyinyi. Nitaandika ya chuma na moto, na ya mtu mmoja aliyenifundisha kazi bila kunitazama usoni hata siku moja.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sitini, hapahapa Mtwara, karakana ikiwa banda la mabati lisilo na ukuta upande mmoja. Siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe nililoazima kwa kaka yangu. Fundi aliyenipokea, Mzee Mponda, alilitazama shati lile, kisha akanituma nikalete spana iliyokuwa chini ya lori, katikati ya dimbwi la oili. Nilitoka na spana. Weupe wa shati nikauacha hukohuko, na kaka yangu hakunisemesha mwezi mzima. Mzee Mponda akasema, "Hicho ndicho cheti chako cha kwanza."

Alikuwa mwalimu mzuri, lakini mtu wa haraka. Alinifundisha kupiga chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza. "Chuma kizima kinaitika," alikuwa akisema, "chenye ufa kinakohoa." Alinifundisha kukata, kupasha moto, kuunga. Kupoza hakunifundisha. Yeye alikuwa anamwagia maji, kinafuka, anasema tayari, tunakwenda kunywa chai. Kwa vyuma vingi ilitosha, nami nikadhani kazi ya moto nimeimaliza.

Sasa nije kwa mama mkwe. Jina lake silitaji. Si jina baya, ila kwetu mtu hataji jina la mama mkwe wake, na kama nilishindwa ujanani sioni kwa nini nianze uzeeni. Anayelitaka amuulize mke wangu Somoe.

Kwetu ukwe ni heshima. Wewe na mama mkwe hamtazamani, hamli pamoja, hamsemezani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Ukiwa na neno lake unamwambia mkeo, naye anamwambia mama yake, hata kama mama mwenyewe yuko hatua mbili na amekwisha kusikia. Na uani, anayetaka kupita anakohoa. Kikohozi maana yake: napita, jifiche. Ni utaratibu mzuri na hakuna aliyewahi kugongwa.

Binti yetu Zuhura alipozaliwa, tulikuwa tunakaa Ufukoni, vyumba viwili na ua wa kutandika mikeka minne. Mama mkwe akaja kutoka kijijini kumlea mzazi siku arobaini. Siku arobaini zikaisha. Zikaisha tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kutengeneza njia ya miguu nyuma ya jiko kwa kujificha kwangu. Yeye alikuwa mfinyanzi, na mfinyanzi hasafiri bila kazi yake. Alipata udongo wake bondeni, akafinyanga vyungu na mitungi, akavichoma hapohapo uani, na kina mama wa mtaa wakawa wanakuja kununua. Kazi yangu aliiona ni kelele. Nilikuwa nikimsikia akimuuliza Somoe, "Huyo mgonga bati wako, leo mbona amechelewa?" Mgonga bati ndiye mimi.

Trekta lenyewe lilikuwa la kijiji kimoja njia ya kwenda Kilambo, vile vijiji vilivyoanzishwa watu walipokusanywa wakae pamoja. Wengi wa hapo wazee wao walivuka mto Ruvuma kutoka ng'ambo, watu wa jembe hasa. Walipoletewa trekta walicheza ngoma siku mbili. Siku ya tatu likagonga kisiki cha mkorosho kilichojificha kwenye nyasi. Dereva aliapa kwamba kisiki ndicho kilichomfuata. Ikavunjika braketi ya mbele, lile pande zito linaloshika ekseli, na trekta likaletwa kwetu limeburutwa.

Braketi ile ilikuwa ya chuma cha kumimina, ambacho mafundi tunakiita kasti. Kasti ni ngumu lakini haina subira. Tukaiunga kwa umeme pale karakana, mshono ukapendeza. Mkuu wetu wa karakana, Bwana Elieza, mtu wa Upareni, akaja kuikagua. Akainama karibu. Braketi ikasema ting, ikapasuka pembeni ya mshono mbele ya pua yake.

Akanyanyuka polepole. "Hamisi," akasema, "kasti haiungwi. Nimeagiza mpya Dar es Salaam. Hii itupwe. Nilikotoka iliungwa kama hii, ikavunjika shambani, trekta likamlalia dereva. Sasa mtu akiigusa tena hii, kazi hana."

Hakuwa mtu mbaya, na aliyosema yalikuwa na sababu. Lakini ya Dar es Salaam nyinyi hamyajui. Barabara ikikatika Rufiji wakati wa mvua, hata barua za uchumba zilifika mwenye uchumba ameshaolewa. Na mvua zilikuwa zinakaribia.

Tena kulikuwa na Mzee Nakunda, mwenyekiti wa kijiji. Kila asubuhi alifika na mihogo mibichi kwenye kapu, akakaa benchi, akalitazama trekta kama aliyekuja kumwona mgonjwa. Hakugombana na mtu. Siku ya nne aliniambia, "Mwanangu, mwaka huu hatukushika jembe la mkono kwa sababu tuliambiwa trekta lipo. Mvua ikitukuta na pori, tutakula hotuba."

Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Wiki moja, Mzee. Litakuwa limepona."

Basi Jumamosi baada ya saa za kazi niliitoa braketi kwenye lundo la vyuma vibovu, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli, nikaenda nayo Ufukoni baiskeli ikinyanyua gurudumu la mbele. Rafiki yangu mwenye kibanda cha kuchomelea karibu na Shangani aliniazima mitungi yake ya gesi mpaka Jumapili. Nilijua nikishindwa nimepoteza kazi, nikiwa na mtoto wa miezi mitatu ndani. Nikifaulu pia nimepoteza kazi, isipokuwa Bwana Elieza awe na moyo.

Nilichimba shimo uani, nikatia mkaa na maganda ya korosho. Maganda ya korosho yanatoa moto mkali kwa sababu ya mafuta yake, na moshi wake unafukuza nzi, majirani na marafiki. Msiyashike kwa mikono. Malengelenge niliyopata nayakumbuka kuliko harusi yangu. Nikaipasha braketi, nikaiunga kwa gesi. Fimbo ya kuungia nilitumia ring za pistoni za zamani nilizozinyoosha, kwa sababu nazo ni kasti, na boraksi ya kusafishia mshono. Hilo liandikeni kwenye madaftari yenu. Mshono ukakaa vizuri. Nikaifukia kwa majivu, nikakaa kwenye kigoda kufuta jasho. Somoe alikuwa amempeleka Zuhura kwa dada yake. Uani tulikuwa mimi, mama mkwe barazani na vyungu vyake, na kuku wetu mmoja kishingo, asiye na manyoya shingoni.

Upepo wa bahari ukaanza kuvuma, kama unavyofanya kila alasiri.

Nikasikia mama mkwe anakohoa. Nikainuka kwa adabu, nikajificha nyuma ya jiko apite. Akakohoa tena. Nikaona labda nyuma ya jiko bado nipo njiani, nikasogea nyuma ya choo. Akakohoa mara ya tatu, kwa nguvu. Nikasema leo mama anapita na mzigo gani huu? Nikaruka ua, nikatua kwa jirani. Kikohozi cha nne kilinikuta nimesimama kwenye mchicha wa watu, uso nimeuelekeza ukutani, heshima yangu imekamilika.

Ndipo nikasikia ting.

Kisha sauti ya mama mkwe, ambayo haikuwahi kuelekezwa kwangu, ikasema:

"Wewe kuku."

Kuku akainua shingo. Mimi pia.

"Mwambie mwenye nyumba upepo umefunua majivu. Mwambie nimekohoa mpaka kifua kinaniuma. Chungu kikitoka motoni kikapigwa na upepo kinapasuka. Hata mtoto anajua."

Nikachungulia juu ya ua, macho nimeyaweka kwa kuku. "Kuku," nikasema, "mwambie mama nilidhani anapita."

"Mwambie, nipite mara nne niende wapi?"

Jirani alitoka akaniuliza kama ni mzima, nikamwambia nasubiri mama apite.

Kwa nini hakwenda mwenyewe kuyarudisha majivu? Kwa sababu mkwe hagusi kazi ya mkwe. Angeigusa, mimi ningeona aibu zaidi kuliko kufukuzwa kazi. Kila mmoja wetu alimheshimu mwenzake, na heshima ile ikapasua braketi.

Jumapili asubuhi Bwana Elieza akiwa kanisani, mimi nilikuwa uani na patasi na tupa nikiuondoa mshono wa jana. Somoe alikuwapo, lakini Zuhura alikuwa analia na wa kumnyonyesha ni mama yake, kwa hiyo ukalimani tukaurudisha kwa kuku. Mama mkwe alikaa barazani amenipa mgongo, ungo ameuinua upande wangu, na kwa kweli sijui alikuwa anaona vipi, lakini aliona kila kitu.

"Kuku, mwambie asipashe mahali pamoja. Apashe yote, pande zote, taratibu."

"Kuku, mwambie mama sasa imeanza kuwa nyekundu, naunga."

"Mwambie bado. Isubiri ifike rangi ya pilipili iliyokauka."

Nikasubiri. Nilitaka kubisha, lakini utabishana vipi na mtu anayezungumza na kuku? Rangi ikafika. Nikawasha gesi, nikaunga, huku maganda ya korosho yakifoka moshi mweusi. Katikati ya kazi mkalimani wetu akashindwa na moshi, akaruka ua, akaenda zake. Mama mkwe hakutetereka. Akahamia kwenye kinu.

"Wewe kinu. Mwambie sasa asiipeleke kwenye majivu baridi. Majivu yawe ya moto, yaliyochekechwa. Pembeni apange vigae vya moto. Na upepo asiuamini."

Nilifanya kama nilivyoambiwa na kinu. Nilipomaliza kufukia, nikajiondoa nyuma ya jiko, na safari hii nilikuwa na hakika anapita, kwa sababu nilisikia miguu yake. Nilipotoka, nikakuta juu ya shimo amefunika chungu. Kilikuwa kile kikubwa kuliko vyote, cha pombe ya harusi, alichokisugua kwa jiwe wiki mbili na ambacho mtu alikuwa amekwisha kukiagiza. Kingo zake ameziziba kwa udongo mbichi; chungu chake kikiwa juu, kazi sasa ilikuwa yake pia.

"Kinu, mwambie asifunue mpaka kesho jua lipinduke. Na asiende mbali."

Basi Jumatatu sikwenda kazini.

Saa nne gari ya karakana ikasimama mlangoni. Akashuka Bwana Elieza, na nyuma yake Mzee Nakunda na kapu lake la mihogo, maana alikuwa amefika karakana akaambiwa mimi sipo, akaomba lifti kwenda kunitazama mgonjwa.

"Hamisi, unaumwa?"

"Hapana, bwana."

"Mtaa mzima unanuka korosho. Braketi iko wapi?"

Nikamwonyesha chungu.

"Nilikuambia nini?"

"Kazi sina."

"Vizuri unakumbuka. Sasa itoe, nikione kitu ninachokufukuzia."

Kama ningekataa, nimefukuzwa. Kama ningefunua, ingepasuka, na ningefukuzwa na mihogo ya Mzee Nakunda ikinitazama. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye chungu. Mama mkwe akainuka, ungo upande wangu, uso upande wa Bwana Elieza, ambaye kwake hakuwa na ukwe wowote.

"Wewe baba," akasema, "chungu changu hakifunuliwi."

"Bibi, chini ya chungu chako kuna mali ya serikali."

"Mali ya serikali ikipasuka, serikali itakuja kufinyanga nyingine?"

Bwana Elieza akanigeukia. "Mwambie bibi atupishe."

"Siwezi, bwana. Ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo, mwambie."

"Hatusemezani."

"Mmegombana tangu lini?"

"Hatujagombana. Tunaheshimiana."

Akanitazama, akamtazama bibi, akamtazama kuku aliyekuwa amerudi. Mzee Nakunda, ambaye aliyajua yote hayo, akamgusa bega na kumwambia, "Kaa, mwanangu. Hapa watu wazima wawili hawataki kukoseana adabu." Somoe akaleta kiti na mihogo ya kuchemsha. Bwana Elieza akala akiwa amenuna, kisha akala bila kununa. Kila baada ya muda alitazama saa yake ya mkononi, na mama mkwe alitazama kivuli cha mpapai.

Kivuli kilipopinduka akakohoa. Nikaenda nyuma ya jiko, nikachungulia. Akabandua udongo, akaweka mgongo wa mkono juu ya majivu, akangoja, akaweka tena. Akafunua. Akaifagia braketi kwa ufagio wa chelewa, akachukua lile jiwe lake dogo la kusugulia vyungu, akaigonga mara moja, akainamisha sikio.

Ikaitika. Sauti ilikwenda ndefu, safi, mpaka Zuhura akaacha kunyonya akageuza kichwa.

Bwana Elieza alikuwa fundi kabla hajawa mkuu, na sikio la fundi halistaafu. Akapiga magoti kwenye majivu na suruali yake ya kazini iliyopigwa pasi, akaigonga kwa funguo zake upande huu na upande ule. Aliinuka bila kunitazama. "Tutaifunga," akasema. "Na nitaendesha mimi. Ikivunjika nitakuwa nimevunjika nayo, na wewe kazi huna vilevile."

Siku mbili baadaye, shambani, alilipitisha trekta juu ya visiki ambavyo dereva alikuwa anamwomba avikwepe. Alikwenda, akarudi, akakirudia kile kisiki cha kwanza makusudi. Nilikuwa nimesimama pembeni, nahesabu kazi nyingine ninazozijua, na sikupata hata moja. Braketi ilikaa. Kina mama wakapiga vigelegele, Mzee Nakunda akavua kofia. Bwana Elieza akashuka, akajifuta vumbi, akaniambia, "Kesho uwahi kazini." Hilo ndilo neno pekee alilolisema juu ya kufukuzwa kwangu mpaka alipohamishwa. Lakini aliagiza kwamba kuanzia siku ile kasti yoyote ipozwe kwenye majivu, na aliyenifundisha alipwe chungu chake. Mama mkwe alikataa malipo, akaipa karakana na kile chungu chenyewe. Ndicho hicho kilicho pembeni ya tanuri, mnachotupia vipande vya sigara. Kitoeni uchafu.

Mvua zilikuta shamba limelimwa. Braketi mpya ya Dar es Salaam ilifika mahindi yakiwa magotini, na ilikuwa ya trekta la aina nyingine.

Baada ya mavuno mama mkwe aliamua siku zake arobaini zimekwisha. Kijiji chake kilikuwa mbele ya kijiji cha Mzee Nakunda, na mzee akasema mama huyo hapandi basi, atakwenda na trekta lake. Likaja na tela, limefagiliwa na kutandikwa mkeka. Vyungu vikapakiwa kwenye majani. Somoe akampa zawadi ya kuku, yule kishingo, miguu imefungwa kwa ukambaa. Mama akakaa kwenye tela, amenipa mgongo, kuku kifuani.

Nilikuwa na neno la kumwambia tangu siku ile alipoigonga braketi kwa jiwe. Somoe alikuwa analia, hafai kutumwa. Kinu kilikuwa ndani. Nikakaribia tela kadiri adabu inavyoruhusu, macho chini.

"Kuku," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzima, "ukifika salama, mwambie mama kwamba ahsante. Mwambie kazi hii ninayo kwa sababu yake."

Dereva akawasha moto. Mama mkwe hakugeuka. Akamwinamia kuku, lakini alisema kwa nguvu, juu ya mngurumo wa injini.

"Mwambie fundi nimesikia," akasema. "Na mwambie asifunue mapema."

Fundi. Nililia pale njiani, vijana, mtu mzima na nyundo mfukoni, na wala sikujificha nyuma ya kitu. Hicho kilikuwa cheti changu cha pili, na cha tatu sikukitafuta.